Kreti za Mkate na Mashine ya Baba Mkwe

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni kwangu, nimeshika kitasa, na Mpole ananiambia kwa ile sauti yake ya kubembeleza mtoto kwamba kama mimi sina, basi atakwenda kwa mdhamini wangu. Baadhi yenu mlijiuliza kama kweli alikwenda. Alikwenda. Mtu yule hasemi jambo akaliacha njiani.

Kwa ambaye ndiyo kwanza ananisoma: mimi nilikuwa dereva wa gari la mkate. Asubuhi napakia kreti zilizojaa, nasambaza madukani, jioni narudisha kreti tupu kiwandani. Siku moja mwenye kiwanda, tunayemwita Mama Mkate, akaifuta njia yangu akawapa wenye pikipiki. Nikaondoka na shati langu la kazi na mgongo unaouma. Miezi ikapita, nikawa naokota vibarua vya hapa na pale, ndipo akaja huyu Mpole, mkusanya madeni, kunidai kreti mia na ushee ambazo eti niliondoka bila kuzirudisha.

Nilikataa wiki iliyopita na leo nakataa. Lakini deni halikungoja nikubali. Limewekewa faini, faini nayo ikawekewa faini, na sasa thamani yake inalingana na kitu kimoja tu katika ukoo wetu mzima: mashine ya kuranda mbao ya baba mkwe. Hiyo ndiyo aliyoiandikisha siku aliponidhamini nipewe gari.

Basi nimekaa nyumbani najifanya natengeneza feni, mke wangu akaingia na kusimama mbele yangu.

"Baba anakuita," akasema. "Kasema uende peke yako."

"Kasema kuhusu nini?"

"Wewe unajua kuhusu nini."

Nikaiacha feni na mapanga yake sakafuni.

Karakana ya baba mkwe iko nyuma ya nyumba yake, chini ya bati. Nilipofika mashine ilikuwa inanguruma na yeye anasukuma ubao. Hakuizima. Alimaliza ubao ule, akaupitisha kiganja, akauweka pembeni, ndipo akazima. Kimya kilichofuata kilinitisha kuliko ngurumo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa juu ya rundo la mbao. Maranda yalikuwa yamejaa sakafu nzima mpaka miguu ya mashine haionekani. Pembeni kulikuwa na madawati yaliyokwisha nusu, oda ya shule aliyoipata kwa shida, na malipo ya awali alishayanunulia mbao zote zile.

"Amekuja mgeni wako," akasema. "Kijana mstaarabu. Amenipa pole kabla sijajua nimepatwa na nini."

"Baba, nilitaka kukwambia."

"Lakini hukuniambia."

Aliitoa penseli sikioni akaitazama ncha yake, akairudisha.

"Nakuuliza mara moja, sitarudia. Hizo kreti unazo?"

"Sina, baba."

"Uliziuza?"

"Sikuuza hata moja."

"Basi. Nimemwambia yule kijana kwamba mkwe wangu hasemi uongo. Amenipa mpaka Jumamosi. Nenda kautafute huo ukweli wako uulete hapa. Mashine hii ikiondoka, madawati haya sitayamaliza kwa randa ya mkono. Mabega yangu unayajua."

Hakunitukana. Angenitukana ningepumua, maana mtu akikutukana unapata cha kushika. Aliniamini, akawasha mashine, akaendelea na kazi. Nilitoka pale nimebeba imani yake na sijui niishike wapi.

Sasa kuna jambo sikuwaeleza wiki iliyopita, kwa sababu nilitarajia halitafika huku. Kreti zile najua zilikwenda wapi.

Kiwandani kwetu ukirudi jioni na kreti pungufu, geti linakukata mshahara. Na pungufu hazikosekani: mwenye duka kakalia moja kama kiti, mwingine kaifanya kabati la viatu, watoto wa mtaani wamefanya yao. Kwa hiyo madereva tulikuwa na utaratibu wetu. Kabla ya kufika getini tunasimama nyuma ya ukuta wa fundi matairi, aliye na kreti za ziada, alizookota madukani za siku za nyuma, anampiga tafu aliyepungukiwa. Utanirudishia, nitakurudishia. Mambo yote yanasawazishwa kabla ya hesabu ya mwaka, ndipo jumla ya kila dereva inapokaguliwa. Kiwanda kilipiga marufuku kabisa. Wakikukamata, aliyeazima na aliyeazimwa wote mnapigwa chini siku hiyo hiyo.

Na mimi nilikuwa nikimpiga tafu mtu mmoja kila wiki, miezi na miezi. Alikuwa mgeni kazini, mimi ndiye niliyemwombea kazi. Kila jioni anakuja nyuma ya ukuta ule uso umemshuka. "Kaka, wenye maduka wananionea. Leo tena nimepungukiwa." Nampa. Nisimpe vipi? Alikuwa mume wa mdogo wangu wa kike.

Nikafutiwa njia kabla ya hesabu ya mwaka. Kreti zangu zikabaki kwa shemeji.

Nilikwenda kwanza kiwandani. Nilijiambia Mama Mkate ni mtu, alianza kwa kukanda unga kwa mikono yake, atanisikiliza. Mlinzi aliniruhusu kwa sababu ya mazoea ya zamani. Nikakatiza uani, na pale nilisimama kama mtu aliyeona ndugu yake aliyepotea.

Kila dereva alikuwa na alama yake. Unapasha msumari moto, unachoma kwenye ukingo wa kreti, ili ukienda dukani usibambikiwe ya mwenzako. Yangu ilikuwa vitone vitatu. Na kreti zimepangwa ukutani mpaka karibu na paa, na kila nikitupa jicho naona vitone vitatu, hapa vitatu, pale vitatu. Nilizigusa. Nusura nizisalimie.

Mama Mkate alinikuta hapo hapo.

"Dereva. Umepotea sana."

"Mama, nimekuja kuhusu deni."

"Deni gani? Mimi sikudai."

Nikamshukuru Mungu mapema mno.

"Mimi deni nimeshaliuza," akaendelea. "Kwa wale jamaa wa kukusanya. Wamenipa nusu yake, yamekwisha. Ukinilipa mimi leo, kesho bado utadaiwa na wao."

"Lakini mama, unadaije kitu ambacho kimo ndani ya ua wako? Tazama. Vitone vitatu. Hizi ni kreti zangu, zilirudi zote."

Aliinama akaangalia. Mwanamke yule hana papara, hata unga aliukanda hivyo hivyo.

"Naona," akasema. "Ni zako kweli. Lakini geti linahesabu idadi, halisomi vitone. Hizi hazikurudi kwa jina lako."

"Zilirudi kwa jina la nani?"

Alinitazama kama mtu anayenionea huruma kwa kuuliza nisilopenda kujibiwa.

"La shemeji yako. Mwaka mzima hakupoteza hata kreti moja. Ndiyo maana nimempa usimamizi wa geti. Hukuambiwa?"

Sikuwa nimeambiwa. Nilijua amepanda, sikujua amepandia nini. Na kwa kuwa siku hiyo nilikuwa nimeamua kunywa kikombe chote, nikauliza swali la pili.

"Na aliyesema mimi sikurudisha ni nani?"

"Msimamizi wa geti. Ndiyo kazi yake ya kwanza niliyompa, kunitafutia nani kapungukiwa."

Mama Mkate akakung'uta mikono yake, ingawa haikuwa na unga.

"Sikiliza. Mimi si mjinga, najua mnaazimana huko nyuma kwa fundi matairi. Kama ulimwazima, aje aseme kwa mdomo wake. Akisema, nitalinunua hilo deni nilitoe mgongoni kwako, nimwekee yeye. Na kazi hatakuwa nayo. Asiposema, usirudi hapa kunionesha vitone."

Nilitoka na njia moja tu mbele yangu, na njia hiyo ilipita katikati ya sebule ya mdogo wangu.

Mdogo wangu ni msusi. Nilimkuta barazani, kichwa cha mteja katikati ya magoti, vidole vinakwenda.

"Kaka! Kumbe bado unapajua hapa," akasema. "Pita ndani, mwenzangu yupo. Na usiondoke bila kula, maana naona umebaki shati."

"Nitapita tu mara moja."

"Hivyo hivyo husema watu wenye deni," akasema, akacheka na mteja wake. Nikacheka na mimi. Nini tena ningefanya.

Shemeji alikuwa sebuleni, koti jipya la usimamizi limetundikwa kwenye msumari, linaonekana kuliko saa ya ukutani. Aliponiona alisimama. Hakuuliza nimefuata nini.

"Shemeji, kaa," akasema kwa sauti ya chini.

"Nimetoka kiwandani."

"Nimesikia. Mlinzi kanipigia."

"Kwa hiyo unajua ninachotaka kuuliza."

Akaitazama baraza kupitia pazia. Mdogo wangu alikuwa anamsimulia mteja jinsi mumewe alivyopandishwa cheo, na jinsi walivyoahidiwa chumba cha pili na mwenye nyumba. Alisimulia kwa furaha ambayo sijaisikia kwake tangu aolewe.

"Waliniambia nitafute upungufu," shemeji akasema. "Upungufu ulikuwepo, shemeji. Ilibidi uwe kwa mtu. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Nilijua hawatakufuata, kwani aliyeondoka huwa wanamfuata? Wanafuta tu."

"Hawakufuta. Wameuza. Jumamosi wanachukua mashine ya baba mkwe wangu."

"Mashine ya mzee?"

"Aliniandikishia."

Alishika kichwa. Nawaambia kweli, hapo nilimhurumia, na hasira yangu niliyoibeba kutoka kiwandani ikaniponyoka. Ni mtu mwoga tu. Mwizi ungejua pa kumkamatia, mwoga anakutelezea mikononi.

"Nitakuja," akasema. "Jumamosi nitakuja pale pale karakana, nitasema mbele ya huyo mtu wao. Nitamwambia mzee na nitamwambia Mama Mkate. Acha kazi iende. Usimwambie mdogo wako sasa hivi, nipe nafasi nimwambie mwenyewe."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi, shemeji. Naapa."

Nilipotoka, mdogo wangu alinishika mkono kwa vidole vyake vyenye mafuta ya nywele.

"Kaka, kuna nini? Mbona umekaa kama mgeni?"

"Hakuna kitu. Nimechoka."

"Ukiwa na shida utaniambia?"

"Nitamwambia nani mwingine?"

Sikumwambia. Nilitembea mpaka nyumbani nikihesabia moyoni jinsi ya kuokoa nyumba moja bila kubomoa nyingine, na kila nilivyopanga, paa lilikuwa linamwangukia yeye.

Nilimweleza mke wangu yote usiku ule: kuazimana, vitone, kiapo cha shemeji. Alisikiliza akikunja nguo. Nilipofika kwenye habari ya shemeji kupungukiwa kila wiki, alisita, akakunjua shati lililokuwa limeshakunjwa, akalikunja tena.

"Kwani alikuwa anapungukiwa sana?" akauliza.

"Sana. Wenye maduka walikuwa wanamwonea."

Akabeba nguo akaenda kuzipanga. Nilidhani ni huruma.

Jumamosi tulikuwa karakana mapema: baba mkwe, mke wangu na chupa yake ya chai, na mimi. Baba mkwe alikuwa amevaa shati la kutokea. Hilo lilinichoma. Mtu anavaa vizuri kuagana na mashine yake.

Mpole alifika na gari dogo la mizigo na dereva wake. Akasalimia kila mtu kwa utaratibu, akauliza hali ya mabega ya mzee, akakataa chai kwa heshima zote.

"Kaka yangu," akaniambia, "umepata uthibitisho?"

"Nina shahidi. Anakuja."

"Nitamngoja. Mimi sipendi kumvunjia mtu uso."

Tukangoja. Baba mkwe akawa anazungukazunguka madawati yake, analigusa hili, analigusa lile. Jua likasogea kwenye bati, kukaanza joto. Dereva wa gari akajilaza kwenye kiti. Mpole akatazama saa yake, kisha akajifanya hakuitazama. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kichochoro, na roho iko juu.

Ndipo shemeji akatokea. Peke yake. Bila lile koti.

Nilipumua mpaka mke wangu akanisikia. "Huyu ndiye," nikamwambia Mpole. "Baba, huyu ndiye shahidi wangu."

Baba mkwe alimkaribisha kwa mikono miwili. "Karibu sana, mwanangu. Umefanya vizuri kuja. Sema ulichokuja kusema, hapa ni nyumbani."

Shemeji alimtazama mzee, akanitazama mimi, akaitazama mashine. Akalamba midomo.

"Mimi," akasema, "nimekuja kumsaidia mzee kubeba."

Hata Mpole alionekana kuona aibu kwa niaba yangu.

"Shemeji," nikasema.

"Nilisikia mashine inaondoka," akaendelea, sasa anaongea na ardhi. "Nikaona nije nishike upande mmoja. Ni nzito."

"Shemeji, uliapa."

"Sijui unachosema, kaka. Labda ulinielewa vibaya."

Niwaambie wasomaji wangu, nimefutiwa njia, nimedaiwa, nimefuatwa mlangoni, lakini sikuwahi kujiona mtu mdogo kama dakika ile. Baba mkwe alikuja akaniwekea mkono begani, lile bega lake bovu likanyanyuka kwa tabu.

"Acha," akasema. "Usigombane na ndugu kwa ajili yangu. Deni ni deni. Tubebe."

"Baba, si deni langu."

"Najua. Nimekuamini tangu mwanzo na bado nakuamini. Tubebe."

Mpole akaomba radhi kwamba vijana wake wa kubeba wameugua, akakunja mikono ya shati na kuingia mwenyewe. Ndivyo alivyo. Atakuchukulia mali na atakusaidia kuibeba. Akashika kona moja na dereva wake, mimi na shemeji tukashika upande wa pili. Mikono yetu iligusana chini ya chuma. Yake ilikuwa baridi.

"Moja, mbili," Mpole akasema taratibu.

Tukanyanyua. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Tukaisogeza hatua chache, tukaitua juu ya maranda, na nikageuka kutazama mahali ilipokuwa imesimama miaka yote, maana mtu akiondolewa kitu macho humrudi pale pale.

Miguu ya mashine haikuwa imekanyaga sakafu. Pale chini, maranda yalipomomonyoka, zilikuwa zimepangwa kreti. Kreti za mkate. Zimefunikwa, zimegandamizwa, zimekuwa nyeupe kwa vumbi la mbao.

Mpole akachuchumaa mbele ya kreti, akapangusa vumbi kwa kitambaa chake cha mfukoni. Jina la kiwanda likatokea.

"Kumbe kreti zipo," akasema kwa upole ule ule.

"Hizo?" baba mkwe akasema, bila wasiwasi wowote. "Hizo alinipatia binti yangu, zile mvua kubwa, maji yalipoingia humu. Mashine ilikuwa inalowa miguu, nikainyanyulia hapo. Nilikuwa nimeshazisahau."

Nilimgeukia mke wangu. Akaiweka chupa ya chai chini. Akanisogelea, akaniambia karibu na sikio, wengine wasisikie.

"Nilizinunua kwa shemeji," akasema. "Alikuwa anawauzia watu wengi. Alisema ni chakavu, kiwanda kimezitupa. Akaniomba nisikwambie, kwamba wewe mambo ya kazini unayachukulia moyoni. Baba watoto, mpaka juzi uliponisimulia ndipo nilianza kuelewa. Nilitaka kukwambia. Nilishindwa."

Basi hapo nikaelewa na mimi. Hakuna mwenye duka aliyemwonea shemeji. Alikuwa anauza kreti zake mchana, halafu jioni anakuja nyuma ya ukuta na uso wake wa kusikitisha, nami namjazia pengo kwa zangu. Nilikuwa nimejipakia deni lake mgongoni kwa mikono yangu hii, nikimwambia pole.

Na ukweli niliotumwa kuutafuta ulikuwa hapo hapo siku zote, chini ya mashine ya aliyenituma.

Mpole alisimama, akakunja kitambaa chake chenye vumbi.

"Hili sasa limebadilika," akasema. "Deni lilikuwa langu. Lakini kreti zikikutwa kwa mtu ambaye si wa kiwanda, mimi sina tena la kusema. Hayo wanashughulikia wenye sare. Wataanza kwa mwenye karakana, ndiyo utaratibu wao. Isipokuwa mtu aniambie zilitoka kwa nani."

"Wenye sare waje kwa nani?" baba mkwe akauliza. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua. "Kwangu mimi?"

Mpole aliinama akaikamata kreti ya juu, akaigeuza mwanga uione. Kwenye ukingo wake kulikuwa na alama iliyochomwa kwa msumari wa moto. Si vitone vitatu. Ilikuwa mistari miwili iliyokatana, kama mkasi uliofunguliwa.

Alama ya mkasi niliijua. Nilikuwepo siku ilipochomwa mara ya kwanza, mimi ndiye niliyempashia shemeji msumari.

"Kaka yangu," Mpole akasema, "wewe ulikuwa dereva. Madereva wote mnazijua alama zenu. Hii ni ya nani?"

Shemeji alikuwa bado ameshika ukingo wa mashine kama vile ingeanguka. Hakunitazama. Kutoka kichochoroni nilisikia sauti ya mdogo wangu, anamuuliza jirani kama hapa ndipo kwa seremala, maana mume wake katoka bila koti na hakuaga, na mtu kamwona anaelekea huku. Nikisema yangu, mimi ni mwizi mbele ya mtu pekee aliyeniamini. Nikisema ya mwenyewe, mume wa mdogo wangu anafungwa, na baba mkwe ni mnunuzi wa mali ya wizi, na aliyemletea ni mke wangu.

Baba mkwe alipiga hatua mpaka karibu yangu. Alifuta vumbi la kreti kwa kiganja, taratibu, kama anavyofuta ubao wake aliokwisha kuuranda.

"Mwambie, mwanangu," akasema. "Wewe husemi uongo."

Nikafungua mdomo, na mdogo wangu akaingia.